Nisomee, Fundi

"Nisomee," alisema Karani, akamnyooshea mumewe chupa mbili za dawa ya macho.

Zilikuwa chupa zilizofanana kila kitu, kimo, kifuniko, mpaka rangi ya karatasi iliyobandikwa ubavuni, ila mfamasia alikuwa ameandika kwa kalamu, moja asubuhi, nyingine jioni. Fundi alizigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akachagua, akamshika mkewe kidevu na kumdondoshea. Kwa kweli Karani angeweza kuifunga uzi chupa moja akawa anaitambua kwa kidole. Mama mkwe alishamshauri hivyo zaidi ya mara moja, na uzi ulikuwa tele humo ndani. Hakufunga. Tangu macho yalipomwishia kidogo kidogo, akabaki kujua kumekucha au kumekuchwa na basi, hilo neno nisomee ndilo lililokuwa limebaki la mapenzi baina yao, maana mapenzi ya namna nyingine yanataka watu wasiokuwa na mashaka, na wao mashaka yalikuwa yamejaa nyumba nzima.

Majina yao halisi yalikuwa yamebaki kwenye vyeti. Yeye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya vigae, na kwa vigae hakuwa na mpinzani, sakafu aliyoilaza yeye ungemwaga shanga zisiviringike. Mkewe naye, Fundi alimwita Karani kwa sababu ya ofisi. Walianza kuitana hivyo kwa utani, utani ukazoeleka. Ila siku hizi jina la Fundi lilikuwa linamchoma mwenyewe, kwa kuwa ujenzi ulikuwa umelala na mwiko wake ulikuwa unaota kutu chini ya kitanda. Aliyekuwa anailisha nyumba ni Karani.

Na asubuhi hiyo Karani alikuwa anaenda ofisini akijua kwamba huenda akamwaga unga kabla jua halijatua.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano ya baraza iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Miaka yote aliifanya nyumbani, kwenye kompyuta yake iliyojengwa ikaweza kusema, kila herufi aliyobonyeza iliitamka, kila mstari ilimsomea. Kisha akaja bosi mpya, na wiki ile ile aliyoingia mkutano mmoja ukavuja, watu wakausikia redioni. Bosi akapiga marufuku: kazi yote ifanywe ofisini, kwenye mashine za ofisi, na kompyuta ya nje isikanyage humo. Mashine za ofisi zilikuwa bubu. Karani alipokwenda kujieleza, bosi alimsikiliza kwa adabu zote, akamkalisha, akamwagizia chai, kisha akamwambia kwamba kama mashine haitamsaidia basi itabidi wampumzishe. Akampa mpaka leo jioni.

Kumpumzisha! Kuna watu wana vipaji vya maneno jamani. Mtu hafukuzwi, anapumzishwa, utafikiri wamemtandikia kitanda. Na ubaya wake ni kwamba neno lile lile Karani alilikuta nyumbani. Mama mkwe, mwanamke mwenye huruma ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia safari zote isipokuwa ya kutoka kitandani hadi kibarazani, alikuwa anamwambia kila siku, "Pumzika, mwanangu. Umehangaika vya kutosha." Yeye alisema kwa mapenzi. Karani alikuwa anaitikia ndiyo mama, halafu anakwenda chumbani anakaa peke yake, maana alijua akishapumzika hatainuka tena. Atakuwa yule kipofu wa nyumba ile, anayeanikwa juani asubuhi na kuanuliwa jioni.

Yote hayo Fundi aliyajua. Lakini alikuwa na lake moyoni ambalo Karani hakulijua. Jana yake msimamizi wa ujenzi alikuwa amempigia simu. Kuna jengo, mji wa mbali, ghorofa juu ya ghorofa, na vigae vyote vya jengo hilo vinangoja mkono kama wake. Gari la mafundi linaondoka kesho alfajiri na jibu linatakiwa leo. Fundi alisikia mikono ikimwasha kwa hamu. Ila nani atamvusha mkewe barabara kuu kila asubuhi na kumrudisha kila jioni? Mama hatembei. Mwingine hakuna. Karani akiendelea na kazi, yeye habanduki. Karani akipumzishwa, atakaa na mama, na yeye ataondoka roho kwatu. Alijichukia kwa kuliwaza jambo hilo, kisha akaliwaza tena.

Hakumwambia. Alimshika mkono wakatoka.

Getini mlinzi alimtazama Fundi, akamruka Karani kama hayupo, akauliza, "Huyu mgonjwa wako anakwenda ofisi gani?"

"Mgonjwa anakwenda ofisini kwake," Karani akajibu.

Mlinzi akakohoa, akafungua geti. Fundi alivishwa kitambulisho cha mgeni, kikubwa, chenye kamba nyekundu, akapanda nacho ngazi huku akijiona kama mzigo uliobandikwa lebo. Ndani, makarani wengine walinyamaza wote kwa pamoja, wakaanza kusalimia kwa sauti za msibani. Waliwaonyesha mashine ya pembeni, kuukuu, yenye kasha kubwa lililowekwa juu ya meza kwa sababu chini hakukuwa na nafasi.

Mtaalamu wa mitambo wa ofisi alikuja kusimama nyuma yao. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa taratibu. Akarudia aliyokwisha kuyasema, kwamba yeye hawezi kuingiza programu yoyote ambayo makao makuu hayajaidhinisha, na kuidhinisha kunachukua miezi. Karani naye akarudia lake: haombi aingiziwe kitu. Ataijenga mwenyewe, ndani ya folda yake mwenyewe, na nje ya folda hiyo hatagusa hata msumari. Mtaalamu alifikiri, akakuna kidevu, akasema kweli, taratibu hazikukataza hilo, nadhani aliyeziandika hakuwaza kwamba kuna mtu angejisumbua kiasi hicho. Akaenda zake.

"Sasa kujenga ndiyo kufanyaje?" Fundi aliuliza kwa kunong'ona. "Mimi najua kujenga kwa mchanga."

Karani alicheka, akamweleza taratibu huku vidole vyake vikipapasa kibodi na kuifahamu. Programu nyingi watu wanauziwa zikiwa zimeshapikwa, huoni kilichomo. Lakini wako watu, na wako dunia nzima, wanaotengeneza programu na kuacha mchoro wazi, yaani maandishi yenyewe ya jinsi ilivyoundwa. Anayetaka anauchukua mchoro bure na kuijenga kwenye mashine yake, hata kurekebisha akipenda. Mchoro wa programu ya kuisemesha mashine alikuwa nao kwenye flashi, pamoja na michoro ya vipande vingine ambavyo programu hiyo inavitegemea. Kwanza mashine itakagua kama vifaa vyote vipo, kama fundi anavyoangalia mchanga, saruji na maji kabla hajaanza. Kisha itajenga. Kisha itapeleka kilichojengwa mahali pake. Kuandika amri ataandika yeye, vidole vinajua njia. Lakini mpaka sauti itakapokuwa tayari, majibu ya mashine yatakuwa kwenye skrini, na skrini haioni.

"Kwa hiyo wewe ndiye macho," alisema. "Neno la kuogopa ni moja tu, error. Likitokea, nisomee mstari mzima, herufi kwa herufi. Litakuja na jingine, warning, tena litakuja jingi. Hilo ni kama manung'uniko ya mama, liache lipite."

Wakaanza. Fundi kizungu chake kilikuwa cha kwenye mifuko ya saruji, lakini herufi anazijua, na alisoma kwa bidii ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Karani akiandika, mashine ikijibu mistari juu ya mistari, yes, yes, no, yes, Fundi anasoma mpaka koo linakauka. Kule nyuma kijana mmoja wa makarani aliiga usomaji wake kwa sauti ya chini na wenzake wakabana vicheko. Fundi alisikia. Karani pia alisikia, akampapasa mumewe goti chini ya meza.

Mara mashine ikakataa. Fundi akasoma error, akasoma mstari wote, ukisema faili la jina fulani halipo. Akalitaja jina herufi kwa herufi. Karani akaliandika, mashine ikakataa tena. Akaandika upya, ikakataa. Akamwomba arudie, akarudia vile vile, na mashine nayo ikarudia vile vile. Asubuhi ikaanza kwisha hivyo. Karani akajiinamia, vidole vimeshika paji la uso.

"Hiyo moja iliyo katikati," alisema hatimaye. "Ina kijifimbo kama moja nyingine pale mwishoni, au imesimama wima tu?"

Fundi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Imesimama wima tu."

"Fundi. Hiyo si moja. Hiyo ni herufi l."

Kumbe! Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka Karani akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na wale waliokuwa wanamcheka Fundi wakabaki wanashangaa hawa wanacheka nini. "Mtu anayeona kigae kilichopinda kwa unene wa unywele," Karani alisema, "leo moja na l zimempiga chenga." Fundi alijisikia mwepesi kama ambavyo hakuwa amejisikia siku nyingi. Akasema moyoni hapana, siendi popote, nitamwambia msimamizi atafute mtu mwingine. Na alilisema kwa dhati.

Lile faili likapatikana. Vifaa vikatimia. Karani akaandika amri ya kujenga, akabonyeza, na kasha la mashine likaanza kunguruma, feni yake ikizunguka kwa nguvu kama inataka kuruka mezani.

"Hii itachukua muda," alisema. "Mashine yenyewe mzee. Wewe tazama tu."

Simu ya Fundi ilitetemeka mfukoni. Akatoka nayo mpaka ukumbini.

Msimamizi hakuwa na maneno mengi. Fundi mwingine yuko pale mbele yake, amebeba na zana zake. Anamwachia nafasi yeye kwa heshima ya kazi zao za zamani, lakini heshima hiyo haivuki jioni. Fundi akasema anaomba muda kidogo. Msimamizi akamuuliza, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomuua, "Bwana wewe, bado unafanya vigae kweli, au siku hizi kazi yako ni kumshika mkeo mkono?"

Alikata simu akabaki ameegemea ukuta. Sakafu ya ukumbi huo ilikuwa ya vigae, vimelazwa ovyo, viungo havikutani, mtu mwenye mikono miwili mizima alilipwa kwa kuharibu namna ile. Alivitazama kwa muda. Kitambulisho cha mgeni kilikuwa kinaning'inia kifuani pake.

Akarudi, akakaa. Mistari ilikuwa inapanda kwenye skrini kama maji yanayofurika, warning, warning, tena warning, na hakuna lingine. Kazi ilikuwa inakwenda sawasawa. Alijua inakwenda sawasawa.

"Imesimama," alisema.

Karani akageuza uso. "Imesimama?"

"Imeandika error."

"Nisomee."

Hapo Fundi alikwama. Hakuwa amejiandaa na mstari. Akafumba macho, ingawa hakukuwa na haja ya kuyafumba, na kilichomjia kichwani ni ule mstari wa asubuhi, wa faili ambalo halipo, kwa kuwa alikuwa ameusoma mara nyingi hata akaukariri. Akautaja wote. Safari hii l akaiita l.

"Ule ule wa asubuhi?" Karani aliuliza.

"Ule ule."

Karani alinyoosha mkono wa kulia, akaweka kiganja ubavuni mwa kasha la mashine, akakiacha pale, kama mtu anayempima mtoto homa. Fundi hakuelewa. Alidhani anaiaga mashine, na moyo ukamuuma. Mkewe alikaa hivyo kwa muda, uso hauonyeshi kitu.

"Imesimama kabisa?"

"Kabisa, mke wangu. Tumejitahidi. Labda basi, labda na wewe upumzike kidogo."

"Sawa," Karani akasema. "Niletee maji ya kunywa."

Fundi alikwenda kutafuta maji. Lakini kabla ya maji alisimama kwenye ngazi akampigia msimamizi, akamwambia nipo, nihesabu, kesho alfajiri nipo. Msimamizi akafurahi. Fundi naye alitegemea kufurahi, na kulikuwa na kama nafuu fulani kifuani, lakini juu ya nafuu hiyo kulikuwa na uchafu ambao hakujua aunawie wapi. Alijiambia ni kwa faida ya wote. Alijiambia ataleta pesa, atamnunulia Karani kompyuta nzuri ya kuchezea nyumbani. Aliposikia neno hilo kuchezea likipita kichwani mwake aliona haya, peke yake pale ngazini.

Akajaza maji glasi, akarudi. Na alipoukaribia mlango akasikia sauti.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyebana pua, inayokanyaga silabi moja moja, ikiweka mkazo pasipowekwa mkazo. "Ha-ba-ri za mcha-na," ilisema. "Ha-ba-ri za mcha-na. Mi-mi ni ma-shi-ne ya o-fi-si."

Makarani wote walikuwa wamesimama. Yule kijana aliyekuwa anaiga alikuwa mbele kabisa, mdomo wazi. Mtaalamu alikuwa ameinama kwenye skrini, na bosi mwenyewe alikuwa ametoka chumbani kwake, kalamu mkononi. "Kumbe inawezekana," bosi alisema, akarudia, kumbe inawezekana, kwa sauti ya mtu aliyeondolewa jambo zito ambalo hakutaka kulifanya. Akamwambia Karani basi kazi yake ipo, aanze kesho, na Karani akashukuru kwa kifupi.

"Lakini mama," Mtaalamu aliuliza, "mzee wako alikuwa nje. Nani alikusomea kwamba imemaliza?"

"Niliisikiliza," Karani alijibu. "Feni yake. Ikiwa inajenga inanguruma, unaisikia, ukiigusa unaihisi. Ikisimama, inatulia. Mimi nikaweka mkono, nikangoja itulie. Ilipotulia nikaandika amri ya mwisho, nikajaribu."

Aliyasema hayo kwa Mtaalamu, bila kugeukia mlangoni. Fundi alikuwa amesimama na glasi yake.

Watu walipotawanyika akasogea, akaweka maji mezani, akakaa kwenye kiti chake cha mgeni. Karani alikuwa amevaa spika za masikioni. Mistari yote ya tangu asubuhi ilikuwa bado imo ndani ya skrini, na Karani akairudisha mpaka juu kabisa, akaanza kusomewa. Fundi hakuweza kusikia anachosomewa mkewe. Aliweza kuona tu kialama cha kusomea kikishuka kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Kikafika kwenye error ya asubuhi, ile ya moja na l, na midomo ya Karani ikataka kutabasamu kisha ikaacha. Kikaendelea kushuka. Fundi alijua kinaelekea wapi. Alitamani kumshika mkono amwambie usiende huko, na hakuweza, akabaki anakitazama kinashuka. Kikapita pale alipodai imesimama. Kikapita na kuendelea, bila kusitasita, mpaka chini. Karani akavua zile spika, akaukunja waya wake vizuri.

"Ni warning tu, Fundi," alisema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie. "Hakuna kitu kingine."

Wakatoka mpaka barabara kuu. Alimvusha kama anavyomvusha siku zote, akimshika juu kidogo ya kiwiko, na mara ya kwanza tangu aanze kumvusha alihisi mkono ule umekakamaa. Upande wa pili, penye ukuta mrefu wa ghala ambapo magari hayapigi kelele sana, Fundi akamweleza. Akamweleza jengo, gari la alfajiri, msimamizi, na maneno ya msimamizi. Hakuacha kitu.

"Ungeniambia jana," Karani alisema.

"Ungekubali?"

"Ningelia. Halafu ningekufungia mizigo."

Mkewe akaendelea, kwa utulivu, kwamba asubuhi ile ile, wakati Fundi ameenda msalani, mama wa usafi wa ofisini alikuwa amemwambia Karani kwamba anapita mtaa wao kila siku, kwenda na kurudi, na kumpitia si taabu. Alikuwa anangoja mashine ikubali ndipo amwambie mumewe, kwa furaha, kwamba sasa yuko huru kutafuta kazi hata ya mbali. Fundi alisimama katikati ya njia. Ilibidi mtu mwenye baiskeli awazunguke.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe." Alilisema upesi mno. "Nimekusamehe kweli, usiende na hilo huko unakokwenda. Ila tangu saa ile narudia kichwani kila kitu ulichowahi kunisomea. Ile karatasi ya daktari. Ujumbe wa dada yangu kabla hajafa. Dawa. Narudia, narudia, na sijui."

"Yale yote yalikuwa kweli. Naapa. Neno kwa neno."

"Naomba iwe hivyo."

Na yalikuwa kweli, jamani. Kila neno. Karatasi ya daktari aliisoma huku sauti ikimkatika na hakupunguza kitu, na ujumbe wa marehemu shemeji yake aliusoma mara nyingi kadiri alivyoombwa. Lakini angelionyeshaje sasa? Angemwitia nani ashuhudie? Alimshika tena juu ya kiwiko wakaenda nyumbani.

Mama alifurahi mara mbili, kwa kazi ya mwanawe na kwa kazi ya mkwewe, ingawa ya pili alifurahi nusu. "Si ungepumzika tu, mwanangu," alisema, na Karani akaitikia kama kawaida. Wakala. Fundi akautoa mwiko chini ya kitanda, akausugua kutu kwa kipande cha msasa, akaufunga pamoja na pima maji yake na nguo chache. Mkewe alimkunjia mashati, akayapanga kwa kupapasa, kola juu ya kola, na hakukosea hata moja. Walizungumza mambo ya safari, ya blanketi na soksi, kwa wema, kama watu wanaoheshimiana sana. Wema huo ulimkaba Fundi.

Saa ya dawa ilipofika alinawa mikono, akaifuta, akakaa kitandani akingoja. Karani alizichukua zile chupa mbili kutoka mezani. Alisimama nazo kidogo katikati ya chumba, moja kila mkono. Kisha akatoka nazo kwenda kibarazani, na Fundi akainuka akamfuata mpaka mlangoni.

"Mama," Karani alisema, "una uzi?"

Uzi ulikuwepo, mama hakosi uzi. Akakata kipande. Karani akakaa chini karibu na magoti yake, akamwekea chupa moja mkononi, akamwomba amtazamie imeandikwa nini.

Sasa mama kusoma alijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na hakulimaliza. Aliisogeza chupa mbali, akaileta karibu, akaigeuza upande wa pili maana alikuwa ameishika miguu juu. Midomo ikaanza kutafuta. "Ji," alisema. Akasita. "Ji... o..." Akapotea, akaanza upya. Mwanga ulikuwa unafifia na maandishi ya mfamasia hayakuwa mazuri. Karani alingoja, uso ameuelekeza juu, mikono mapajani, uvumilivu wote wa dunia umemkalia usoni.

Fundi hakuweza kustahimili. Akapiga hatua, akanyoosha mkono juu ya bega la mkewe.

"Lete," alisema. "Lete nikusomee."

Karani aliugusa mkono ule, akaufumbata kidogo kama anavyofanya siku zote, kisha akaurudisha mahali ulipotoka.

"Wewe pumzika, Fundi," alisema.

Mama akawa ameshafika mwisho wa neno. "Jioni," akasema kwa furaha. "Ndiyo, imeandikwa jioni." Karani akamshukuru, akaichukua chupa, akaizungushia uzi shingoni, akafunga fundo, akalikaza kwa meno, akalipapasa kwa kidole gumba mpaka akaridhika nalo.